Mdomo wa Dada

Wanaosema mdomo wa Kidani ulipinda siku ile ya uwanjani hawajui walisemalo. Waliuona kwenye simu, wakacheka, wakatumiana, basi wakajipa ushahidi. Mdomo ule ulianza kupinda kitambo, chumbani kwake, mchana kweupe, akiwa mbele ya kioo cha kabati anafanya mazoezi, na wa kwanza kuuona alikuwa mtoto.

Mtoto mwenyewe ni binti wa marehemu dada yake. Nyumbani walimwita Tumbiri, maana tangu ajue kusimama hapakuwa na kabati ambalo hakulipanda. Siku hiyo alikuwa kitandani anachana nywele za mwanasesere wake, hana habari na mtu, na mama yake mdogo anachezesha midomo kufuata wimbo uliokuwa unatoka kwenye spika. Mara akaacha kuchana, akakodolea macho kioo.

"Mama mdogo, rudia hapo."

"Wapi?"

"Hapo ulipofanya kama mama."

Kidani akazima spika. Akamuuliza amefanya nini kama mama. Tumbiri akaweka kidole kwenye pembe ya mdomo wake, upande wa kulia, akaivuta chini kidogo, kisha akarudia kazi yake ya kuchana. Watoto ndivyo walivyo. Wanakutia kaa la moto mkononi, halafu wao wanaendelea na mchezo.

Sasa lazima tuelewane, la sivyo mtadhani nawaletea mauzauza. Kidani alikuwa mwimbaji maarufu ambaye haimbi. Mabango yake yalijaa njia nzima, nguo zake ziliigwa na mafundi wote, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kusikia sauti yake halisi ikiimba, zaidi ya ndoo za bafuni. Sauti iliyokuwa inatoka kwenye mashine ilikuwa ya dada yake. Wenye kazi hiyo wanaiita pleibeki: mashine inaimba, msanii anachezesha mdomo, mwenye tiketi anapiga makofi. Wako wengi wanaofanya hivyo kwa sauti zao wenyewe zilizorekodiwa. Kidani alifanya kwa sauti ya mtu mwingine, na siri hiyo waliijua watu wa nyumbani, Meneja, na Fundi Waya, yule mzee wa mitambo aliyekuwa anatembea na waya shingoni kutwa.

Dada alikuwa na sauti tangu tumboni, hilo hata maadui walikubali. Lakini alipokuwa bado msichana, aliamka asubuhi moja upande wa kulia wa uso umelala. Mama yao, kwenye chai, alimgombeza aache kubenua midomo mbele ya wakubwa. Akasema habenui. Daktari akasema ni neva imelala, itaamka yenyewe. Neva ile mpaka leo haijaamka, na mwenyewe ameshaifuata. Pembe ya mdomo ikabaki imeshuka, chai ikawa inamtoka akinywa, na mtaa, ambao haukosi kazi, ukambandika jina: Bi Upande. Wakimwita, anacheka nao. Akishacheka anaingia ndani kwenye cherehani yake na mlango anaurudisha.

Meneja alifika pale kufuata suti aliyopeleka ipunguzwe. Akamkuta mtu amempa mgongo, anashona na kuimba. Akasimama mlangoni kama aliyepigiliwa misumari, mpaka wimbo ukaisha na mwimbaji akageuka. Hakusema neno baya, tumpe haki yake. Alitazama ule uso, akatazama sakafu, akasema, "Sauti nimeipata. Bado sura." Na sura ikaingia muda huohuo na furushi la vitambaa kichwani, ndiye mdogo mtu, kimo chake, shingo yake, meno yake, kila kitu mahali pake.

Hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Dada ndiye aliyekubali kwanza. "Mimi jukwaani nitakwenda kufanya nini, kutisha watoto?" alisema, akacheka kile kicheko chake cha upande mmoja. Mama yao akashusha pumzi, maana hata yeye, wageni wakija, alikuwa na tabia ya kumtuma Dada uani kuangalia kama nguo zimekauka. Na Kidani alifurahi. Alipenda kutazamwa, nani hapendi, na aliona amepewa kitu bila kumnyang'anya mtu.

Kazi waliifanya hivi. Walikaa kwenye vigoda, magoti kwa magoti, Kidani ameweka kiganja kooni kwa dada yake. Dada akiimba, mdogo anavuta pumzi pale dada anapovuta. "Ukifuata maneno utachelewa," Dada alimwambia. "Neno likishatoka limeshatoka. Wewe fuata pumzi. Na nilichopinda mimi, wewe nyoosha." Fundi Waya, kama mafundi wote, alitaka kuzikata zile pumzi kwenye rekodi ili wimbo uwe safi. Dada akamkatalia katakata. "Ukizitoa, mdogo wangu atajuaje kama nakuja?" Basi zikaachwa. Ndiyo maana wenzake Kidani walikuwa wanakamatwa, midomo inafika neno likiwa limeshapita, lakini yeye hakukamatwa hata mara moja. Kila Dada alipovuta pumzi ndani ya mashine, kifua cha Kidani kilipanda jukwaani. Hata wapiga vyombo waliapa kwamba Kidani anaimba mwenyewe.

Kisha kifua kikamshika Dada. Alilala, akainuka, akalala tena. Meneja akaona mambo yanamharibikia, akamtuma Fundi Waya na kipaza sauti mpaka chumbani kwa mgonjwa. Wimbo wa mwisho aliuimba akiwa ameegemezwa mito, wimbo aliotunga mwenyewe, una maneno machache tu: nikichelewa usifunge mlango, nikichelewa acha taa. Fundi alirekodi na macho ameyainamisha. Hazikupita siku nyingi, wakamzika.

Hakuwa na picha. Hilo lieleweni vizuri, maana ndipo kidonda kilipo. Tangu uso ulale, hakukubali kupigwa picha na mtu yeyote. Kamera ikitokea, yeye yuko jikoni anasuuza masufuria. Bibi, ndiye yule mama yao, alikuwa nayo moja tu, ya shuleni, kabla ya yale maradhi. Akampa mjukuu aiweke. Tumbiri akaishika, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akairudisha.

"Huyu si mama. Huyu mdomo wake umenyooka."

Mwaka haukuisha, mtoto akaanza kusahau. Alimwambia Kidani akiwa anaogeshwa, povu limemjaa masikioni, kwa sauti ya mtu anayesema ameacha daftari shuleni. "Mama mdogo, mama alikuwa anachekaje? Sauti yake naisikia kila siku redioni. Uso ndio unaniponyoka." Kidani akamweleza: jicho hili lilikuwa linafumba, hili linabaki wazi, mdomo unakwenda huku. Mtoto akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Maneno hayakujenga uso. Kidani alimfuta maji, akaenda kulia chooni ambako mtu anaweza kusingizia sabuni.

Ndiyo maana siku ile ya kioo ilimtia hofu na kumtia uchu kwa pamoja. Usiombe kuwa na hofu na uchu wa kitu kimoja.

Alijaribu tena akiwa peke yake. Aliweka wimbo wa mwanamke mwingine, akachezesha midomo: imenyooka sawasawa. Akaweka wa Dada. Kabla hata ya neno la kwanza, kwenye pumzi tu, pembe ya kulia ikashuka. Haikumuuma. Ilikuwa baridi, kama ganzi ya daktari wa meno inavyoanza. Akazima, ikarudi. Akiongea, akila, akipiga mswaki, hana tatizo. Dada akivuta pumzi, inashuka.

Alikwenda kwa daktari. Akaambiwa apulize mashavu, akapuliza. Afumbe macho, akafumba. Atoe ulimi, akautoa. Daktari akasema hana ugonjwa, ana uchovu, apumzike. Akakanda uso kwa kitambaa cha moto mpaka ukawa mwekundu. Akabandika plasta. Akasoma dua zote alizozijua na nyingine akabuni. Tumbiri naye hakumpa nafasi. Kila akitoka shule ni lilelile, anavuta kanga, anabembeleza: "Mfanye mama. Kidogo tu, mama mdogo, halafu namaliza kazi yangu ya shule." Kidani anaziba mdomo kwa kiganja, anamwambia aache michezo ya ajabu. Mtoto anaondoka na uso umemshuka. Kidani alikuwa anaogopa kwamba siku akimruhusu Dada aingie, hatatoka, na mdomo ule ndio ulikuwa shamba lake, jembe lake na ghala lake.

Bibi aliliona lote. Siku moja, wanachambua mchele, akasema bila kuinua macho, "Mficha maradhi, kilio humfichua. Mwenzio anataka kitu."

"Anataka nini, mama? Kaburi tumelijengea, mtoto tunamlea."

"Mimi nilimficha uani," Bibi akasema. "Wewe ukamficha mdomoni. Unaniuliza anataka nini." Akaendelea kuchambua mchele.

Basi likaja lile la uwanja. Uwanja mpya wa michezo ulikuwa unafunguliwa, wakubwa wote watakuwepo, televisheni itarusha moja kwa moja, na skrini kubwa kama ukuta wa ghorofa imesimamishwa nyuma ya jukwaa ili hata wa mwisho kabisa ahesabu kope za msanii. Kidani ndiye atakayefunga shughuli, na wimbo wa kufungia, Meneja alishaamua, ni ule wa mwisho wa Dada, ambao watu walikuwa hawajausikia.

Kwenye mazoezi, Meneja akasogea karibu. Wimbo ulipofika katikati akainua mkono, muziki ukasimama.

"Hicho ni nini?"

"Nini?"

"Usinifanye mtoto. Mdomo."

Kidani akasema ni uchovu. Meneja hakumfokea. Angemfokea ingekuwa nafuu. Alivuta kiti, akakaa, akaongea taratibu kama anayemweleza mgeni njia. "Sikiliza, mama. Sauti ninayo kwenye mashine, haizeeki, haiugui. Wewe ni sura. Sura zipo nyingi." Akaonesha kwa kidevu. Pembeni mwa ukumbi alikuwa amekaa msichana mmoja mrefu, mrembo asiye na doa, ana vifaa vya kusikilizia masikioni, na midomo yake inakwenda. Kidani hakuhitaji kuuliza anasikiliza nini. Aliona kifua kikipanda. Yule msichana alikuwa ameshafundishwa pumzi za Dada.

Jamani, wivu wa mapenzi una dawa, ukiachwa unalia unapona. Kidani alihisi kitu kisicho na dawa. Alimwona dada yake amekaa ndani ya kinywa cha mtu asiyemjua, mtu ambaye hakuwahi kumshika koo. Alitaka kwenda kumvua yule binti vile vifaa kwa nguvu. Hakwenda. Alimwambia Meneja, "Utanyooka."

Fundi Waya alimngoja watu watoke. Alikuwa anakunja waya zake, mkono unazunguka kiwiko, mkono unazunguka kiwiko.

"Ulikaa mbele yake miaka yote ile," alisema. "Magoti kwa magoti."

"Ndiyo, mzee."

"Mtu akiiga anachokiona mbele yake, anaiga kama kioo. Upande wake wa kulia uliuona kushotoni kwako. Ungekuwa unamwiga, ungepinda kushoto." Akamaliza mzunguko. "Huo wako umepinda kulia. Kama wake mwenyewe." Kidani alimwomba amwambie maana yake. Mzee akasema yeye ni fundi wa sauti, maana waulizwe mashehe na mapadri. Akaongeza kwamba Meneja amemwagiza akate pumzi kwenye wimbo ule wa mwisho, kwa sababu zinasikika za mgonjwa, na yeye hajakata wala hatakata. Akatundika waya shingoni, akaondoka zake.

Siku yenyewe ikafika. Nyuma ya jukwaa, mpambaji alifanya kazi ya kupaka chokaa nyumba nzima peke yake. Alibandika utepe mwembamba usioonekana kwenye shavu la kulia, akauvuta kwa nguvu mpaka nyuma ya sikio, akaufunika kwa nywele za bandia. Pembe ya mdomo ikapanda ikakaa. "Usicheke sana, usitoe jasho," alimwambia, kana kwamba jasho linaombwa ruhusa. Meneja akaja na amri yake: kamera zote zimewekwa kushoto kwake, yeye atazame kulia tu, kule kwenye taa za bluu. "Upande wako wa kulia ni wa ukuta. Sitaki mtu auone." Akamtia kidude sikioni ili amsikie.

Tumbiri alikuwepo. Kidani alijaribu kumwacha nyumbani, Bibi akakataa, akasema mtoto ana haki. Asubuhi, akiwa anafungwa vifungo vya gauni lake la kutokea, mtoto alikuwa ameuliza, "Nitamwona?"

"Utaniona mimi."

"Najua. Na yeye je?"

Kidani akainama kwenye vifungo. Alifunga kifungo kimoja mara mbili.

Nyimbo za mwanzo zilikwenda vizuri kabisa. Ukitaka kusema ukweli zilikwenda vizuri kupita kiasi. Utepe ulivuta, uso ulitazama taa za bluu, na kwenye skrini likaonekana shavu la kushoto, laini, limenyooka, la mtu asiyewahi kuumwa hata jino. Watu walipiga kelele mpaka vyuma vya jukwaa vikatetemeka. Meneja akamnong'oneza sikioni kwamba anapendeza, amalizie tu.

Muziki wa wimbo wa mwisho ukaanza. Na ndani yake, kabla ya neno, ikaja ile pumzi.

Ilikuwa ndefu. Ilikuwa na mluzi mwembamba ndani yake, mluzi wa kifua kilichochoka, na spika zile kubwa ziliutoa mpaka kwenye viti vya mwisho, uwanja mzima ukawa kama chumba cha mgonjwa. Kidani aliivuta pamoja naye. Alikuwa ameshaivuta mara nyingi kwenye mazoezi, lakini safari hii haikuishia kifuani. Alisikia mito mgongoni. Alisikia harufu ya ile dawa ya kuchua aliyokuwa anapakwa Dada kifuani. Ile baridi ikaanza kwenye pembe ya mdomo, ikapanda shavuni, na utepe, uliokwisha kulowa jasho, ukaachia taratibu nyuma ya sikio.

Taa za bluu zilikuwa pale pale. Angezitazama tu mpaka mwisho, hakuna mtu angejua. Kesho angekuwa Kidani, na keshokutwa, na Dada angebaki kwake.

Akamtafuta mtoto. Familia zilikuwa zimewekewa viti mbele, kidogo kushoto, na haikuwa kazi kumpata, maana Tumbiri alikuwa amepanda juu ya kiti, Bibi amemshika gauni asianguke. Wengine wote walikuwa wanatazama skrini. Yeye alikuwa anamtazama Kidani mwenyewe, amekaza macho, na kidole chake kimoja kiko kwenye pembe ya mdomo wake, kinasubiri.

Kidani akageuka. Uso mzima. Kamera zikaupokea wote.

Msidhani aliupinda. Hakufanya lolote. Aliacha kuunyoosha tu, baada ya miaka yote ile ya kunyoosha, na ukaenda ulikotaka. Na hapo kikatokea kitu ambacho ni Fundi Waya peke yake aliyekielewa, huko nyuma kwenye mitambo yake, akavua miwani. Dada, kwa sababu ya ule upande uliolala, alikuwa na herufi zinazovuja. Akisema "mlango," ile m ilitoka na hewa kidogo pembeni. Midomo iliyonyooka haiwezi kuitoa m ya namna ile, na miaka yote Kidani alikuwa anaipitisha kwa ujanja, ananyanyua kidevu, anatupa nywele. Sasa hakuwa na haja ya ujanja. Kila neno lilitoka pale linapotoka. Kwa mara ya kwanza sauti ile na mdomo ule vilikuwa vya mtu mmoja.

Watu waliitazama skrini kwanza. Halafu mmoja akacheka, kule juu, kisha safu yake, kisha upande mzima. Simu zikainuliwa. "Geuka," Meneja akasema sikioni. "Geuka, geuka kulia, nakwambia geuka." Kidani akachomoa kile kidude, akakiacha kidondoke. Hakutazama skrini. Alikuwa ameipa mgongo, na hata ingekuwa mbele yake asingeitazama. Macho yake yalikuwa kwenye kile kiti kimoja. Aliona Tumbiri ameshusha kidole. Aliona Bibi amesimama, mwanamke mzima na magoti yake mabovu, amesimama wima katikati ya watu wanaocheka, anapiga makofi polepole kama anayemkaribisha mgeni aliyemfungia mlango siku nyingi. Wimbo ukaisha. Meneja hakungoja makofi, akazimisha taa.

Yaliyofuata mnayajua, mliyafanya nyinyi. Kile kipande cha video kilizunguka kwenye simu mpaka kikachoka. Wengine walikitilia milio ya bata. Wengine waliandika kwamba amelewa, wengine kwamba amepatwa na kiharusi, wengine wakaapa ni malipo ya kumpora mtu mume. Katika maneno yote hayo, hakuna hata mmoja aliyesema kwamba hakuwa anaimba. Walimsifu sauti na kumcheka uso, kama walivyomfanyia Dada mwenyewe alipokuwa hai.

Meneja hakumgombeza, alituma tu mtu kuchukua magauni. Yule msichana mrefu akapewa nyimbo. Akapewa na jina jipya, na mabango yakabadilishwa; waliosikia sauti ni ileile walisema tu anamwiga Kidani. Kidani alikuwa akipita dukani kununua sabuni, anasikia dada yake anaimba ndani ya televisheni, anainua macho, anakuta kinywa cha mtu mwingine, kizuri, kimenyooka, kinavuta pumzi mahali panapotakiwa. Mara ya kwanza aliacha sabuni kaunta akatoka. Baadaye alizoea kutoinua macho. Hilo ndilo alilolipa, na nisiwadanganye kwamba lilikuwa dogo.

Akarudi kwenye cherehani ya marehemu. Na mtoto akawa na simu ya Bibi. Akitoka shule anaichukua, anakwenda kukaa sakafuni chini ya dirisha, anafungua kile kipande cha aibu, kilekile cha milio ya bata. Sauti anaizima. Anatazama tu.

Siku moja Kidani alimwita. Alikuwa amefunga mlango, ameweka spika mezani, ameketi mbele ya kioo cha kabati.

"Njoo," akamwambia. "Leo nitakufanyia. Muda wote unaotaka."

Tumbiri akaja mbio, akapanda kitandani, akakunja miguu. Kidani akaweka wimbo. Ile pumzi ikaja, na mluzi wake, akaivuta nayo. Mdomo ukakaa sawa. Akarudia. Akaweka kiganja kooni kwake mwenyewe. Akafumba macho, akafikiria vigoda, magoti, mito, ile dawa ya kuchua. Hakuna baridi iliyokuja. Uliomtazama kwenye kioo ulikuwa uso wake mwenyewe, mzuri, umenyooka, wa peke yake. Akaweka kidole, akavuta pembe chini, ikawa kama mtu anayefanya mzaha wa kuchekesha watoto. Akavuta tena, kwa nguvu, mpaka machozi yakamtoka.

"Basi, mama mdogo," mtoto akasema. "Utajiumiza. Ameshaondoka."

Akashuka kitandani, akaenda kuchukua simu kwa Bibi, akarudi. Akakaa karibu naye sakafuni, bega kwa bega, akaiegemeza simu kwenye mguu wa cherehani. Picha ikaanza. Tumbiri akangoja, kisha akagusa kioo cha simu kwa kidole.

"Hapa. Tazama jicho. Hapa anataka kucheka."

Kidani akainama, akatazama. Lile gauni alilijua, zile nywele za bandia alizijua. Alijitafuta kwenye uso ule, hakujiona popote.

"Rudisha nyuma," akamwambia mtoto. "Mimi nilikuwa sijamwona."